Kijiko cha Mjumbe Galen

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, neno kwa neno. Naapa kwa goti langu la chuma, la kulia, nililowekewa mwaka niliostaafu. Kama kuna uongo humu, hata wa ukubwa wa punje ya mtama, basi nitaingia jikoni kwa Babi siku ya Alhamisi na kusugua ile sufuria yake ya chili kwa mikono yangu miwili, mbele ya watoto wote wa shule. Wanaoijua sufuria ile, ambayo mbuzi anaweza kuzaa ndani yake na bado akakosa kuonekana, wanajua kwamba hicho si kiapo cha mtu anayecheza.

Jina langu Lumir Vondracek. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa fundi wa boila, lile tanuri la kupasha majengo joto, katika shule ya Radim, mji wetu mdogo wa Nebraska, ambako mahindi ni mengi kuliko watu, na watu wenyewe wengi ni wajukuu wa Wacheki. Sikusoma chuo. Nilichokisoma nimekisomea chumba cha boila, katika vitabu vilivyotupwa na maktaba, miguu nikiwa nimeiegemeza kwenye bomba la moto. Siku hizi naishi kwa binti yangu, ng'ambo ya kijito. Najipikia kahawa na kuwasema watu.

Leo namsema mmoja, na ninamsema nikiwa nimeziba pua.

Galen Osterbuhr, muuza mbegu za mahindi, alikuwa mjumbe wa bodi ya shule yetu kwa miaka kumi na sita. Kwingine watu huingia siasa kwa bunduki, au kwa ukoo. Yeye aliingia kwa ndoo.

Paa la ukumbi wetu wa michezo lilivuja. Lilivuja mahali pamoja tu, chini ya kikapu cha kusini, na mimi ndiye niliyeweka ndoo pale. Vijana wa mpira wa kikapu walijifunza kuizunguka; timu za wageni zilijikwaa. Mwaka wa uchaguzi, Galen akasimika vibao kwenye nyasi za kila nyumba, vina picha ya ndoo yangu na maneno mawili: NDOO BASI. Akachaguliwa. Miaka minne baadaye ndoo ilikuwa palepale, na vibao vikasema: TUMALIZE KAZI. Akachaguliwa. Mara ya tatu aliagiza ndoo mpya, kubwa zaidi, yenye rangi za shule, wakakata utepe na bendi ikapiga. Akachaguliwa. Mara ya nne hakuna aliyejisumbua kushindana naye. Mtu akishaizoea ndoo, huanza kuona mvua ndiyo yenye makosa.

Nami nilimpigia kura mara zote nne. Naliandika hili huku mate yangu yakiwa machungu. Nilimpa kwa sababu aliwahi kunishika mkono akaniita "injinia." Mkono wenyewe! Ulikuwa na unyevu wa ulimi wa ndama. Akishakusalimia, ulibaki umeunyoosha wako pembeni kama mtu aliyegusa rangi mbichi, ukitafuta mahali pa kuupangusia pasipo na mtu anayetazama.

Lakini mkono si kitu. Twendeni kwenye kijiko.

Kwetu, vuli ikiingia, watu hula pamoja katika ukumbi wa chini ya kanisa. Kila nyumba huleta sufuria yake. Galen hakuwahi kuleta sufuria. Alileta kijiko, cha mti, kirefu kama kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole, akikiweka mfuko wa ndani wa koti pamoja na kalamu. Kabla watu hawajapanga foleni, yeye alikwisha kuipitia meza nzima. Anachota, anakilamba mbele na nyuma, macho ameyafumba, halafu kijiko kilekile, kikiwa kinang'aa, kinaingia sufuria inayofuata. Na kila mama alisikia maneno yaleyale:

"Hakuna kama hiki kaunti nzima!"

Sufuria thelathini, mara thelathini. Tulipofika sisi na sahani zetu, kabichi lilikuwa na ladha ya samaki, samaki ana ladha ya jibini, na vyote vina ladha ya Galen. Mwaka mmoja alikuja na mafua. Wiki iliyofuata mji mzima tulikuwa kitandani, na wote tulikohoa kikohozi chake, chenye mluzi mwishoni. Daktari alikijua kwa kukisikia tu. "Na wewe ulikula kanisani?" akauliza.

Na hakuna aliyesema neno. Tulicheka, tukala. Hilo ndilo linalonichefua hadi leo, kuliko kijiko chenyewe.

Sasa Babi. Babi, kwa lugha ya wazee wetu, ni bibi, na kila nyumba ya Kicheki ina babi wake. Lakini mjini kwetu ukisema "Babi" bila kusema wa nani, ni mmoja tu: mpishi wa shule. Aliwapakulia watoto kwa miaka thelathini na minne, halafu akawapakulia watoto wa watoto hao. Alistaafu mwaka mmoja nami, lakini kila Alhamisi yumo jikoni na wale wanawake wawili aliowafundisha kazi, hana mshahara wala haombi. Alhamisi ni siku ya chili, mchuzi mzito wa maharage, nyama ya kusaga na pilipili, na kando yake mkate wa mdalasini, mtamu, uliojiviringa kama konokono na kumwagiwa sukari juu. Unauchovya ule mkate ndani ya ule mchuzi. Watu wa majimbo mengine wakisikia hivyo hukunja uso. Wakunje. Mume wa Babi alikwisha kufa, wanawe wako miji ya mbali. Jiko lile ndiyo nyumba pekee aliyobaki nayo yenye sauti ndani.

Basi mwezi Machi, Galen akataka kulifunga.

Kampuni moja ya mjini ilikuwa inauza chakula cha shule kilichofungwa katika sinia za plastiki: kinakuja kwa lori kikiwa barafu, kinapashwa moto, kinaliwa, sinia inatupwa. Walimwalika Galen hotelini akague. Alikagua siku mbili. Alirudi na kilo tatu zaidi na maoni kwamba jiko letu limepitwa na wakati. Mla mla leo, mla jana kala nini? Mikate ya Babi aliyoila miaka yote ilikwisha kusagika tumboni. Nyama ya hoteli ilikuwa bado inamkaa kooni.

Kikao cha bodi kilikuwa saa moja jioni. Babi alikuja na sinia ya mikate, kama alivyofanya kila kikao, maana hajui kuingia mahali mikono mitupu. Raia hupewa dakika tatu za kusema. Galen, aliyekuwa mwenyekiti, alikuwa na saa ndogo ya kupimia mayai yanayochemka. Aliigeuza kwa mkono mmoja na kuchukua mkate kwa mkono wa pili.

"Dakika tatu, Babi. Karibu."

"Asante, Mwenyekiti." Babi alishika aproni yake. "Mimi watoto hawa nawajua kwa matumbo yao. Kuna mmoja akigusa karanga anavimba. Kuna mmoja Ijumaa anakula polepole, kwa sababu anajua hatakula vizuri tena mpaka Jumatatu. Huyo namwongeza bila kumuuliza. Sinia yako itamjuaje?"

Galen alikuwa anaukunjua ule mkate. Aliufungua wote ukawa kamba ndefu, akauinua juu, akarudisha kichwa nyuma na kuuteremsha mdomoni taratibu. Sukari ilimwagikia kidevu. Akaipangusa kwa kidole, akakilamba. Kisha kidole cha pili. Kisha cha tatu. Maikrofoni ilikuwa mbele yake, wazi, na ukumbi mzima tukasikia kila kidole kikiingia na kutoka.

Babi aliviangalia vile vidole.

"Endelea, Babi, nakusikia," alisema, akaanza mkono wa pili.

Saa ikalia, *ting*.

"Basi, muda umekwisha. Asante sana. Na mkate huu..." Akapiga ulimi. "Hakuna kama huu kaunti nzima."

Watu wakaanza kupiga miguu chini. Nilikuwa safu ya tatu, na mwanamke wa mbele yangu alifunika mdomo kwa skafu yake. Galen alijua kunusa kura kama mbwa anavyonusa mfupa. Aliona Novemba inamtazama, akasema papo hapo kwamba jambo hili zito lisikimbizwe, lipigiwe kura na bodi mwezi Desemba. Baada ya uchaguzi, yaani.

Nilimkuta Babi jikoni, amegeuzia mlango mgongo.

"Gombea wewe," nikamwambia.

"We Lumir, umeingiwa na moshi wa boila? Siku ya kujiandikisha ilikwisha pita. Jina litakalochapishwa ni lake peke yake."

"Sheria inaruhusu watu waandike jina kwa kalamu. Unamwarifu tu karani wa kaunti."

"Mimi nikae na wale? Nani atakanda unga?"

"Usipokaa nao, Babi, Desemba hutakuwa na unga wa kukanda."

Aliyaacha maji ya bomba hadi yakafurika beseni. Kisha akafunga bomba, akavua aproni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila hiyo. Akaenda kwa karani.

Kampeni niliiendesha mimi. Nilitembea kila nyumba ya Radim kwa goti hili la chuma. Niliua jozi tatu za viatu na mbwa wawili wakanizoea. Na kwa kuwa kura ilikuwa ya kuandika kwa mkono, niliwafundisha watu herufi moja baada ya nyingine, kama mwalimu: L-u-d-m-i-l-a, kisha H-r-b-e-k.

"Nani huyo?" waliuliza.

"Ndiye Babi."

"Kumbe ana jina?"

Galen naye alitengeneza vibao vipya: MTOTO KWANZA. Na kwenye chakula cha vuli kanisani alikuja na kijiko, ambacho sasa kilikuwa kirefu kama mkono mzima kutoka begani. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria ya Babi, akachota, akalamba mbele na nyuma, akachota tena.

"Hamna ugomvi, Babi," alimwambia, maharage yakiwa yamemkaa kwenye meno. "Siasa ni siasa, chili ni chili."

Babi alikitazama kijiko kikitoka, kikaingia, kikatoka. Halafu akaibeba sufuria yote kwa mikono yake, akatoka nayo nje, akaimwaga nyuma ya kanisa. Mbwa wa mchungaji alinusa, akaenda zake.

Galen akanigeukia mimi, "Injinia! Wewe nakutegemea, siyo?" Akanipa ule ulimi wa ndama. Nami, Mungu anisamehe, niliupokea.

Uchaguzi ulikuwa Jumanne. Kura zilizoandikwa kwa kalamu zilihesabiwa Ijumaa asubuhi katika jengo la kaunti, na karani Charlene Teel, mwanamke mkavu aliyetoka magharibi kwenye ng'ombe, hana ndugu huku wala utani. Galen alikaa upande wa kushoto wa meza, mimi nikakaa kulia. Charlene akasoma:

"Osterbuhr, mia mbili na kumi na moja. Ludmila Hrbek, mia moja thelathini na tisa."

Moyo wangu ukaenda kwenye soksi. Galen akajinyoosha.

"Halafu kuna hizi." Charlene aliinua bunda jingine. "Sabini na tatu. Zimeandikwa 'Babi.' Hakuna jina jingine. Moja imechorwa mkate pia."

Ndivyo walivyofanya watu wa Radim! Nimewafundisha herufi zote, wamechukua kalamu, wameandika walivyozoea kumwita tangu wana meno ya maziwa. Nikapiga hesabu haraka. Mia moja thelathini na tisa na sabini na tatu: mia mbili na kumi na mbili. Kura moja juu.

"Batili," alisema Galen. "Kila nyumba ina babi wake. Mama yangu mwenyewe wajukuu walikuwa wanamwita babi, na yuko kaburini. Utajuaje siye yeye?"

"Bwana Galen, usilete ujinga," nikasema. "Babi ni mmoja!"

"Mmoja wapi? Nenda kapige kelele barabarani 'Babi!' uone watakavyogeuka."

Charlene alivua miwani. "Mimi sheria inanitaka nione nia ya mpiga kura. Si mtu wa huku, sijui. Mkinionyesha jina hili kwenu linamhusu mtu mmoja, nitazihesabu. Msiponionyesha, nazitupa."

Ningemwonyeshaje? Nilitaja watoto, nilitaja Alhamisi, nilitaja sufuria. Akatikisa kichwa, hayo ni maneno ya mtu wa upande mmoja. Alikwisha kushika muhuri mwekundu. Nikaliona jiko lile limezimwa taa, na Babi nyumbani kwake Alhamisi asubuhi, amekaa, mikono mapajani, hana cha kukanda.

Mlango ukafunguliwa. Ilikuwa ni yeye. Kila uchaguzi huwapelekea wahesabu kura mikate, na hakuona sababu ya kuwanyima mwaka huu eti kwa kuwa wanamhesabu yeye. Aliweka sinia mezani, akasalimia, akarudi ukutani kusubiri na makarani wanawake waliokuwa wamesimama pale, wanne au watano, wote wana mvi, wote ni babi majumbani kwao.

Galen alikwisha kunyoosha mkono. Mkate wa kwanza ulikwenda bila kutafunwa. Wa pili aliukunjua. Wa tatu aliuchukua akiwa bado na wa pili shavuni, sukari ikimtiririka kwenye tai, na mate, nisameheni, yakitua juu ya karatasi za kura. Charlene alizivuta kando kwa ncha ya kalamu. Sinia ikaisha. Galen akaangalia, hakuona kitu, na bila kugeuka, mdomo umejaa, akapaza sauti:

"Babi! Hamna mingine?"

Mwanamke mmoja tu aligeuka.

Wale wengine, mabibi wote wenye wajukuu, hawakutikisa hata ukope. Babi alisema, "Iko kwenye gari, Galen, ngoja niilete," akatoka kuifuata. Kwa mazoea tu, maskini.

Charlene alivaa miwani yake. Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma alichoandika: "Mgombea Osterbuhr mwenyewe ameita jina hilo chumbani, na aliyeitika ni Ludmila Hrbek peke yake. Kura sabini na tatu zimehesabiwa."

Galen alifungua mdomo kupinga, na sote tukaona kilichokuwemo. Sitakieleza.

Babi alishinda kwa kura moja. Desemba jiko lilibaki wazi, na sinia za plastiki zikaenda kuwalisha watu wa mji mwingine. Na hiyo kura moja, wasomaji wangu, iliyoliokoa jiko la Radim, ilikuwa yangu. Niliiandika kwa mkono huu, herufi kumi na mbili, bila kosa.

Hapo ndipo nilipokuwa nimemaliza. Nikabeba karatasi zangu mpaka jikoni kwa Babi, nikazisoma kwa sauti huku akikata vitunguu, nikingoja sifa.

Alikata kitunguu hadi mwisho.

"Kijiko kilikuwa kirefu kama mkono mzima?"

"Karibu na hapo."

"Kilikuwa kijiko cha kawaida, Lumir. Uchafu wake ulitosha." Akapangusa mikono. "Na hizo herufi ulizowafundisha watu?"

"Moja baada ya moja, Babi."

Alifungua droo, akatoa kikadi kimoja kati ya vile nilivyogawa nyumba kwa nyumba. Nilikitambua, mwandiko ni wangu. Kilisema: ANDIKA BABI. INATOSHA.

"Hrbek ilikuwa inanisumbua," nikasema. "Haina irabu za kutosha."

"Ungelifunga jiko langu kwa uvivu wa herufi tano." Hakuwa anacheka. Kisha akaegemea meza. "Na kura yako ulipigia wapi?"

Nilitazama vitunguu.

"Tangu uhamie kwa binti yako unaishi ng'ambo ya kijito, mzee. Kule ni kaunti nyingine. Shule nyingine. Safari hiyo karatasi yenye jina la Galen hukuiona kabisa."

Njia ya mwongo ni fupi, nayo iliishia pale kwenye ubao wa kukatia.

"Sasa ile moja ni ya nani?" nikauliza kwa sauti ndogo.

Babi akaona haya, akarudi kwenye vitunguu vyake. "Mojawapo ya zile sabini na tatu ni yangu. Nilichukua kalamu, nikaandika ninavyoitwa. Nilikumbuka lile jina jingine nikiwa nimeshatoka nje." Akanisukumia aproni. "Uliapa kwa goti. Alhamisi ni leo."

Kwa hiyo naandika mwisho huu mikono ikinuka pilipili na sabuni. Watoto mia moja na arobaini walipita wakitazama. Mmoja aliniuliza kama nimefungwa. Nilikuwa nimeingiza kichwa na mabega ndani ya sufuria, nakwangua maharage yaliyoungulia, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Injinia! Umepata kazi mpya?"

Galen. Anagombea ujumbe wa kaunti sasa. Ahadi yake ni shimo la barabara ya kaskazini, na vibao vina picha ya shimo. Alipitisha juu ya bega langu kijiko chake, cha kawaida, nakubali, akakwangua pale chini nilipokuwa sijafika, akalamba mbele, akalamba nyuma, akakwangua tena.

"Hakuna kama hii kaunti nzima," alisema, akanipa mkono.

Safari hii mikono yangu ilikuwa imejaa sabuni hadi viwiko. Nikamwonyesha hivyo, nikairudisha ndani ya sufuria. Akasubiri kidogo, mkono hewani, kisha akaenda kusalimia wengine.

"Sugua, Lumir," akasema Babi. "Hapo alipogusa, sugua mara mbili."